Alexias, Bagoas, Patroclus au Hadrian: Uanze na Nani?

Mwezi uliopita niliulizwa swali moja mara mbili na watu wasiojuana: mtu akitaka kusoma riwaya ya kihistoria kuhusu mapenzi ya mwanamume kwa mwanamume katika Ugiriki ya kale, aanzie wapi? Wa kwanza nilimjibu papo hapo, nikamwazima riwaya ninayoipenda kuliko zote. Akasoma kurasa arobaini, akanirudishia. Riwaya haikuwa na kasoro, ila haikuwa ya kwake, nami sikuwa nimemuuliza anatafuta nini. Huyu wa pili namjibu kwa kirefu, ili na wengine wanaopita njia hiyo wapate pa kushika.

Nalinganisha riwaya nne. The Last of the Wine ya Mary Renault, ya mwaka 1956, inahusu Athens wakati wa vita vya Peloponnesus. The Persian Boy, ya mwandishi huyo huyo, ilitoka 1972 na inamhusu Alexander wa Makedonia na kijana wa Kiajemi aliyemtumikia. The Song of Achilles ya Madeline Miller, ya 2011, inakirudia kisa cha Achilles na Patroclus katika vita vya Troy. Ya nne ni Mémoires d'Hadrien ya Marguerite Yourcenar, iliyoandikwa kwa Kifaransa ikatoka 1951; kwa Kiingereza inaitwa Memoirs of Hadrian. Hadrian alikuwa kaizari wa Roma, tena aliishi karne nyingi baada ya hao wengine, lakini moyo wake ulikuwa Ugirikini, na kijana aliyempenda, Antinous, alikuwa Mgiriki wa Bithynia. Sikuona sababu ya kuiacha nje.

Zote nne zinasimuliwa kwa nafsi ya kwanza. Kuna "mimi" anayetazama nyuma na kumkumbuka aliyempenda. Tofauti iko kwa huyo "mimi" mwenyewe. Alexias wa The Last of the Wine ni raia huru wa Athens: ana baba, ana shamba, ana haki ya kusema barazani. Bagoas wa The Persian Boy ni towashi, mtumwa aliyeuzwa sokoni. Patroclus ni mtoto wa mfalme aliyefukuzwa kwao angali mdogo. Hadrian anatawala himaya inayoanzia Uingereza hadi Misri. Kila mmoja kati yao anayaona mapenzi kutoka mahali pengine kabisa, na ndiyo maana siku hizi nikiulizwa, nami nauliza: unataka kumsikiliza nani? Urefu wa kitabu, ugumu wa lugha, kipindi cha historia, hayo yanafuata.

Kuna suala la umri pia, na silipiti kimya. Kwa Wagiriki wenye nafasi, hasa Athens, desturi ilikuwa na pande mbili. Kulikuwa na erastes, mwanamume mtu mzima anayependa, na eromenos, kijana ambaye ndevu bado hazijajaa, anayependwa. Mkubwa alitarajiwa kumfunza mdogo ujasiri, adabu na mambo ya mji. Mdogo alitarajiwa kujiheshimu na kutojirahisisha. Desturi hiyo ilikuwa na masharti yake na aibu zake, lakini ilimweka mtu mzima juu ya kijana, na msomaji wa leo akikunja uso ana haki. Waandishi hawa watatu walilijua jambo hilo vizuri, na kila riwaya inalikabili kwa namna yake.

Nianze na The Song of Achilles, kwa sababu mlango wake ndio mpana kuliko yote. Miller alifundisha Kilatini na Kigiriki, na riwaya hii ilimchukua miaka kumi. Mwaka 2012 ilishinda Orange, tuzo ya riwaya za waandishi wanawake, na miaka kadhaa baadaye vijana wa TikTok wakaipa maisha ya pili. Sentensi zake ni fupi, maneno yake si ya kutafuta kwenye kamusi, na kisa kinakimbia. Mtu aliyemaliza sekondari na kuzoea kusoma magazeti ya Kiingereza ataimaliza bila kutoka jasho.

Uzuri wake uko kwenye vitu vidogo. Patroclus amefika Phthia, nchi ya baba yake Achilles, ugenini, baada ya kumuua mtoto mwenzake kwa bahati mbaya katika ugomvi wa kete. Hana rafiki, hana heshima. Kwenye ukumbi wa chakula anamwona Achilles akirusha tini hewani na kuzidaka, moja baada ya nyingine, kwa wepesi kiasi kwamba matunda yenyewe hayapondeki, na watoto wengine wanashangilia. Ghafla Achilles anamtazama, anamwambia adake, na tini moja inaruka kuvuka meza. Patroclus anaipokea kiganjani, laini, ina uvuguvugu bado. Hakuna neno la mapenzi lililosemwa. Lakini ukilisoma tukio hilo unajua kuwa mtoto huyu asiye na chochote ameshapewa kitu ambacho hatakirudisha maisha yake yote.

Kuhusu umri, Miller anaufuta ugumu kwa kuwafanya hirimu moja. Wanakua pamoja, wanafunzwa pamoja na Chiron, mwalimu aliye nusu mtu nusu farasi, kwenye mlima Pelion, wanafika utu uzima pamoja. Hapo anachukua upande katika mabishano ya zamani sana. Homer, mtunzi wa Iliad, utenzi wa vita vya Troy, hakuwaita wapenzi popote. Alionyesha huzuni ya Achilles, akatuachia wenyewe tuipe jina. Aeschylus, katika tamthilia iliyopotea iitwayo Myrmidons, aliwafanya wapenzi waziwazi. Mwanafalsafa Plato, kwenye Symposium, kitabu cha mazungumzo ya karamuni, anamleta mgeni mmoja, Phaedrus, akidai Aeschylus alikosea, si kwa kuwaita wapenzi, bali kwa kumfanya Achilles awe mkubwa anayependa, ilhali ndiye aliyekuwa mdogo na mzuri zaidi. Na katika Symposium nyingine, ya Xenophon, mwanafalsafa Sokrates anasema walikuwa wenzi wa vita tu. Kwa hiyo mtu akikwambia kuwa mapenzi hayo ni uzushi wa kizazi hiki, mwambie Wagiriki wenyewe walikuwa wakiyagombania karne ya nne kabla ya Kristo.

Kinachonisumbua kwenye riwaya hii ni Patroclus mwenyewe. Miller amempunguza. Katika Iliad, kitabu cha 16, Patroclus ni shujaa wa kutisha: anamuua Sarpedon, mwana wa Zeus, na kuwarudisha Watroy hadi ukutani kwao. Miller anamfanya mtu asiyependa silaha, mganga wa kambi anayetoa mishale miilini mwa watu. Uganga huo hakuutunga hewani, maana Homer pia anamwonyesha Patroclus akimtibu mpiganaji mwenzake, Eurypylus, jeraha la paja. Lakini Homer alimpa yote mawili, mkono unaoua na mkono unaoponya, na Miller akabakiza mmoja. Nahisi alifanya hivyo ili tumpende kwa urahisi. Mimi ningempenda zaidi akiwa mzima.

Hata hivyo, sijawahi kusoma sehemu ya mwisho macho yakabaki makavu. Kisa cha Troy hakina siri, kwa hiyo siharibu kitu nikisema kuwa Patroclus anaendelea kusimulia baada ya kufa kwake, kivuli kisicho na kaburi lenye jina. Katika Iliad mzimu wake unamjia Achilles usingizini na kumwomba mifupa yao iwekwe chombo kimoja. Miller amejenga kitabu kizima kuelekea ombi hilo. Ukitaka riwaya ya mahaba, ya kusomwa usiku mmoja au miwili, ukalia, ukalala, ni hii.

The Last of the Wine ni jambo jingine kabisa, na hapa nitakaa kidogo.

Nakala yangu niliipata kwa wauza vitabu wa mtumba wanaotandika barabarani pale Posta, Dar es Salaam, jalada limechanika, na mwenye nayo wa zamani alikuwa amepiga mistari ya penseli hadi katikati kisha akaacha. Namwelewa. Renault hashiki mkono wa msomaji. Anakuingiza Athens kama mgeni aliyeshuka bandarini, na watu wanazungumza mambo yao bila kukufasiria. Mtu anafuta mafuta na vumbi mwilini kwa chuma kilichopinda, na hakuna anayekwambia ni kwa nini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kurasa hamsini za kwanza ni za kuinama.

Alexias anaanza kwa kusema kuwa siku aliyozaliwa baba yake alitaka kumuua. Alizaliwa njiti, mwaka wa tauni kuu, na sheria ilimruhusu baba kumtupa mtoto asiyemtaka. Kitabu kizima kinabeba uzito wa sentensi hiyo. Ni kijana anayejua kwamba nafasi yake duniani haikuwa na hakika, anayekua katika mji ambao nao unaanza kupoteza hakika yake. Athens imekuwa vitani na Sparta tangu 431 KK. Mwaka 415 sanamu za Hermes zilizosimama milangoni mwa watu zinakutwa zimevunjwa nyuso usiku mmoja, mji unapandwa na hofu, na jeshi kubwa linapelekwa Sicily kuangamia. Jemadari Alcibiades anang'aa, anakimbia, anarudi. Sokrates anazunguka kwenye viwanja vya mazoezi akiuliza watu maswali.

Lysis anaingia polepole. Ni mkubwa kwa Alexias, mpanda farasi, mwana wa Demokrates. Renault alimtoa kwa Plato. Kuna majadiliano ya Plato yanayoitwa Lysis, ambayo ndani yake yumo mvulana mwenye jina hilo na baba huyo huyo, na yanahusu swali la urafiki ni nini hasa. Renault akamchukua mvulana wa karatasini, akamkuza, akampa farasi na wasiwasi. Kinachowaunganisha Lysis na Alexias si uzuri peke yake. Wote wawili wanamsikiliza mzee yule yule, Sokrates, na wote wawili wanajaribu kuishi kana kwamba maneno yake ni kweli. Kiswahili kina neno linalowafaa: uswahiba. Ni mapenzi yaliyoota kwenye uswahiba, na ndiyo maana yanastahimili.

Tukio ninalolirudia ni la michezo ya Isthmia, karibu na Korintho. Lysis anashindana pankration, mchezo wa mieleka na ngumi uliochanganywa, hatari kuliko yote. Amefanya mazoezi kama muungwana: mwili wenye uwiano, unaoweza kukimbia, kupanda farasi, kupigana vitani. Anakuta mpinzani aliyefugwa kwa nyama na mazoezi ya kitu kimoja hadi umbo la binadamu limepotea, mlima wa misuli usioweza kufanya lolote nje ya uwanja ule. Alexias anatazama. Anachokiona ni zaidi ya mpenzi wake kuumizwa. Anaona kile ambacho wote wawili walifundishwa kuwa ni kizuri, mtu aliyekamilika, kikishindwa mbele ya umati unaopiga makofi. Renault anaipa sura hiyo nafasi, halafu anatuacha tukumbuke baadaye, mji wenyewe unapoanza kuvimba na kupoteza umbo.

Suala la umri Renault halikwepi kwa kuwafanya hirimu moja. Anaiacha desturi kama ilivyokuwa, na kuonyesha pande zake chafu pia: wanaume wazima wanaowafuata vijana viwanjani kwa zawadi na mashairi, na Phaedo, mateka wa kisiwa cha Melos aliyeingizwa kwenye utumwa wa danguro kabla ya kuwa mwanafunzi wa Sokrates. Kumweka Phaedo ndani ya kitabu hicho hicho ni kama mwandishi anasema: usisome habari za Lysis na Alexias ukasahau habari za huyu. Na mambo ya chumbani hayaonyeshwi. Mlango unafungwa, sentensi inayofuata ni asubuhi. Kwa anayeogopa kukuta kurasa za aibu, hapa hakuna.

Kisha inakuja njaa. Baada ya meli za Athens kutekwa Aegospotami mwaka 405 KK, Wasparta wanauzingira mji, na ngano haiingii. Hapa ndipo riwaya hii inazishinda nyingine tatu. Mapenzi ya Achilles yanapimwa na kifo cha shujaa, jambo kubwa la mara moja. Mapenzi ya Alexias na Lysis yanapimwa na mkate, siku baada ya siku, na ndugu wa kulisha, na Lysis anayeoa kama mwanamume wa Athens alivyopaswa kuoa, na utawala wa Thelathini, watawala thelathini waliosimikwa Sparta iliposhinda, unaowaua raia ili kuchukua mali zao. Wanabaki watu wawili wenye wajibu. Hakuna wakati wowote ambapo dunia inasimama kuwapisha wapendane.

Nimejiuliza mara nyingi mwandishi wa Kiingereza alipata wapi kujua namna demokrasia inavyooza kutoka ndani. Sehemu ya jibu iko bara letu. Renault alizaliwa London 1905, akasomea uuguzi Oxford, na huko akakutana na muuguzi mwenzake, Julie Mullard, waliyeishi pamoja hadi kifo. Mwaka 1948 walihamia Afrika Kusini, na riwaya zake zote za Ugiriki aliziandikia huko, nyingi akiwa Cape Town, ambako alifariki 1983. Mwaka huo waliohamia ndio chama kilicholeta apartheid kilipoingia madarakani. Mwaka 1955 lilianza kundi la wanawake la Black Sash, waliosimama barabarani wakipinga watu ambao sheria ya huko iliwaita Coloured, yaani machotara, kuondolewa kwenye daftari la wapiga kura. Renault alijiunga nao. The Last of the Wine ilitoka mwaka uliofuata. Baada ya kujua hilo, kurasa za Thelathini sikuzisoma tena kama mambo ya kale.

The Persian Boy ina mwandishi huyo huyo, lakini usidhani ukiipenda moja utaipenda nyingine. Bagoas anafungua kwa fahari iliyojeruhiwa: asije mtu akadhani yeye ni mtoto wa nani sijui, aliyeuzwa na baba mkulima mwaka wa ukame, ukoo wake ni wa kale, ingawa unaishia kwake. Baba yake aliuawa kwa hila za siasa, naye akahasiwa akiwa na miaka kumi na kuuzwa. Anafika kwa Darius, mfalme wa Uajemi, na Darius anaposhindwa na kuuawa mwaka 330 KK, anapelekwa kwa Alexander kama zawadi.

Kihistoria, Bagoas ni kivuli tu. Curtius, mwandishi wa historia wa Kirumi, anasema towashi huyo mwenye uzuri usio wa kawaida aliletwa na Nabarzanes, mkuu wa Kiajemi. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa maisha ya watu mashuhuri, anasimulia kuwa baada ya safari ya mauti ya jangwa la Gedrosia, Bagoas alishinda shindano la kucheza ngoma, akaja kuketi karibu na Alexander, na askari wakapiga kelele wakitaka mfalme ambusu mshindi, naye akafanya hivyo. Kutokana na mistari hiyo michache Renault amejenga mtu kamili. Na tukio lile la busu, ukilifikia baada ya kurasa za kiu na maiti jangwani, unaelewa kelele za wale askari: ni watu walionusurika, wakimpa mgeni wa Kiajemi ruhusa ambayo miaka mitano nyuma wasingempa.

Nguvu ya riwaya hii ni kwamba tunawaona Wagiriki kwa macho ya mtu wa Mashariki. Kwa Bagoas, kusujudu mbele ya mfalme ni adabu ya kawaida, na Wamakedonia wanaokataa ni washenzi wasiolelewa. Sisi tulioizoea Ugiriki kama chimbuko la ustaarabu tunajikuta tumesimama upande wa pili, tukiwatazama watu hao wenye kelele, wanaokula vibaya, wasiojua namna ya kuingia chumbani mwa mfalme. Kwa msomaji wa pwani, aliyelelewa kwenye adabu za salamu na mahali pa kukaa, sehemu hizi zina ladha ya pekee.

Lakini hapa suala la umri na mamlaka ni zito kuliko kwenye The Last of the Wine. Bagoas ni mtumwa, ametumiwa vibaya tangu utotoni, na kitabu hakifichi. Renault anajibu kwa kumfanya Alexander kuwa mtu wa kwanza kumuuliza anataka nini. Je, inatosha? Kwangu inatosha ndani ya kisa. Nje ya kisa, nabaki na shaka, kwa sababu Bagoas anampenda bwana wake kiasi cha kutoona kosa. Alexander anamuua rafiki yake Cleitus kwa mkuki akiwa amelewa, anachoma Persepolis, anavunja miji, na msimulizi ana udhuru wa kila jambo. Wengi wamemlaumu Renault kuwa yeye mwenyewe alimpenda Alexander kupita kiasi, na lawama hiyo naikubali. Soma ukijua unamsikiliza mtu mwenye mapenzi, si shahidi.

Na yupo Hephaistion, rafiki wa Alexander tangu utotoni. Bagoas anajua tangu mwanzo kuwa moyo wa Alexander una mwenyewe, tangu utoto, na kuwa yeye hatachukua nafasi hiyo. Wivu wake umeandikwa vizuri kuliko wivu wowote niliousoma kwa Kiingereza: wivu wa mtu asiye na haki ya kuwa nao. Ukitaka kumjua Hephaistion zaidi kabla ya kuingia, soma kwanza Fire from Heaven, riwaya ya Renault kuhusu utoto wa Alexander hadi kifo cha baba yake Philip mwaka 336 KK. Haisimuliwi kwa nafsi ya kwanza, kwa hiyo sikuiweka kwenye mizani hii, lakini inafungua njia.

Ya Yourcenar nitaisema kwa kifupi, kwa kuwa anayeihitaji ataijua mara moja, na asiyeihitaji hata nikiisifu kutwa haitamwingia.

Ni barua. Hadrian, mzee, mgonjwa wa moyo, anamwandikia Marcus Aurelius, kijana atakayekuja kutawala baadaye. Anaanza na ziara kwa daktari wake: amevua joho na kanzu, amelala kitandani, na anakiri kuwa ni vigumu kubaki kaizari mbele ya tabibu. Mazungumzo ni kama hayapo. Matukio yanapita kama mtu anayefunua masanduku ya zamani. Antinous anaingia kitabu kikiwa kimeenda mbali, na anatoka mapema: mwaka 130 alizama mto Nile, akiwa bado kijana. Hadrian alijenga mji pale na kuuita Antinoopolis, akajaza himaya sanamu za uso ule. Mojawapo iko makumbusho ya Delphi hadi leo, kichwa kimeinama kidogo.

Yourcenar ndiye aliyelikabili suala la mamlaka bila huruma kuliko wengine. Hadrian wake anasema alikuwa bwana kamili mara moja tu maishani, na kwa mtu mmoja tu. Unaposoma kurasa za baada ya kifo unaona kuwa hayo si majivuno, ni mashtaka. Alikuwa na kila uwezo wa kumwona kijana yule, na hakumwona. Alimzoea. Antinous alikuwa akiogopa kuzeeka na kupoteza nafasi yake, na mtu aliyepaswa kugundua alikuwa na himaya ya kuendesha. Hapa hakuna anayekwambia kuwa mapenzi yalikuwa mazuri kwa sababu yalikuwa makubwa.

Msomaji wa Lubumbashi, Bukavu au Bujumbura anayesoma Kifaransa ana bahati: achukue asili yake, maana mwendo wa sentensi ndio nusu ya kitabu. Tafsiri ya Kiingereza ya Grace Frick, aliyekuwa mwenzi wa maisha wa Yourcenar, ni nzuri na inaaminika. Kwa lugha yoyote, usiisome ukiwa na haraka. Mimi huisoma kurasa kumi, naifunga.

Basi, kwa aliyeniuliza. Kama hujawahi kusoma riwaya yoyote ya Ugiriki ya kale, na unachotaka ni kisa cha wapenzi wawili kikushike koo, chukua Miller. Usione haya kwamba ni nyepesi. Ni nyepesi kama tini ile, na ina uzito wake. Kama umefiwa hivi karibuni, ingoje kidogo, na Yourcenar uingoje zaidi. Kama unavutiwa na safari, majeshi, majumba ya wafalme, na sauti ya mtu aliyedharauliwa anayejua thamani yake, chukua The Persian Boy, ukijua utakutana na utumwa na unyanyasaji wa mtoto sura za mwanzo. Kama unasoma ili ufikiri, na umri umeshakupa majuto mawili matatu, Hadrian anakungoja.

Kama unataka moja tu, na uko tayari kuinama, chukua The Last of the Wine. Ndiyo ile niliyorudishiwa baada ya kurasa arobaini, na bado nasimama nayo. Jina lake linatokana na mchezo wa karamuni: mtu akimaliza kikombe hurusha masalia ya divai kwenye bakuli, akimtaja ampendaye. Isome hadi mwisho kabisa. Baada ya maneno ya Alexias kukoma kuna aya fupi ya mkono mwingine: ni mjukuu wake, aliyekuta makaratasi ya babu. Babu alipigania mji unaojitawala, na mjukuu anatia sahihi kama ofisa wa wapanda farasi wa Athens katika jeshi la Alexander, ambaye anamwita mungu. Huyo ndiye Alexander ambaye Bagoas atakusimulia habari zake, ukishaweka kitabu cha kwanza chini na kunyoosha mkono kuchukua cha pili.